Begi la Fabiola Liko Kwenye Msumari

Alhamisi, jioni, Bashay. Wingu limelala juu ya mikaratusi tangu asubuhi. Mvua imenyesha, ikakatika, sasa inanyesha tena, ndogo ndogo. Makande yako jikoni yanachemka. Naandika kwa kidole kimoja maana mkono mwingine umeshika mlango.

Leo kijiji chote kinafurahi. Mimi nimeenda kulia chooni.

Ngoja niseme tangu mwanzo, maana nikianzia katikati hata mwenyewe napotea. Sisi tulikuwa tunakaa kule chini ya mlima Hanang. Siku matope yaliposhuka nilisikia mlio kama malori mengi yanateremka bila breki. Nikambeba Fabiola mgongoni, nikakimbia. Nyumba ilikwenda, mbuzi walikwenda. Jirani yangu Martina, niliyekuwa nachota naye maji kila asubuhi, naye alikwenda. Ndipo Baba Fabiola akatuleta huku kwa mama yake, ambaye wote hapa nyumbani tunamwita Ama, yaani bibi.

Huku Bashay hakuna mlima kama ule. Ila mimi nimekuja nao.

Yule dada wa ushauri aliyetutembelea baada ya matope ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu. Aliniambia, mama, andika kinachokubana kifuani, kipe jina, kitapungua ukali. Akanifundisha na kuhesabu pumzi. Nimeishia darasa la nne lakini kuhesabu najua. Shida ni kwamba nikihesabu pumzi nasikia bati.

Bati ndilo adui yangu. Tone moja tu likigonga, miguu inaanza safari kabla yangu. Mwezi uliopita nilimsihi mume wangu atandaze mabua ya mahindi juu ya paa ili mlio upungue. Akatandaza. Ama akatoka nje na fimbo yake, akaangalia juu. "Haya. Nyumba yetu imevaa koti." Upepo wa siku moja ukalivua hilo koti lote, likaenda kwa jirani, ng'ombe wake wakalila.

Nilicheka siku hiyo. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba nilicheka.

Lakini jamani, nitaishije mahali ambapo watu wanaomba kile ninachokiogopa? Ardhi ilikuwa imepasuka. Mbegu zimekaa ndani, ng'ombe mbavu nje. Jumanne ilikuwa zamu yetu, jumuiya ikaja kusali hapa nyumbani, na mwenye nyumba ndiye anayetoa ombi. Akina mama wamejaa sebuleni, wameinamisha vichwa, wananisubiri niombe mvua. Nilifungua mdomo, hilo neno likagoma. Nikasema, "Bwana, utupe... utupe unachoona kinafaa."

Sauti ikatoka nyuma, "Mama Fabiola, mtajie kitu chenyewe kwa jina. Usije ukaletewa nzige."

Walicheka kidogo, bila ubaya. Mmoja akamalizia ombi kwa niaba yangu. Nikasema amina, na moyoni nikasema usisikie, Bwana, usiwasikie hawa. Nimekaa na dhambi hiyo siku hizi mbili. Watoto wa wenzangu wale nini, ikiwa Mungu atanisikiliza mimi?

Hakunisikiliza. Leo saa nne nilikuwa shambani, tone likanipiga mkononi. Jembe sijui nililitupa wapi. Nilipita mbele ya nyumba mbio, nikamwona Ama amekaa kizingitini na mguu wake mbovu ameunyoosha. Akaniita jina langu. Sikusimama.

Nilikuwa nakwenda shuleni kumtoa Fabiola darasani, kama ninavyofanya kila likitanda wingu. Mwalimu ameshanionya. Baba yake ameshanionya. Na juzi ameamua: Jumamosi shangazi yake anakuja kumchukua, akasome Babati. Hakunipigia kelele. Angepiga kelele ningemjibu. Alisema taratibu tu, "Mama Fabiola, simfukuzi mtoto. Namtoa kwenye mvua yako."

Mvua yangu.

Nilifika shuleni nimelowa, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope la njiani. Mwalimu wake, binti mdogo tu, akanisalimia kwa heshima. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba huku nahema. Akasema, "Mwenzako ameshajiandaa," akanionyesha kwa kidevu.

Wenzake wako ndani wanaimba jedwali la kuzidisha. Fabiola amesimama barazani peke yake, begi mgongoni, mikanda ameikaza mpaka mwisho. Haangalii mvua. Ananiangalia mimi usoni.

Hapo ndipo kitu kiliponikata. Yule mtoto hasomi wingu. Ananisoma mimi.

Tulirudi. Njiani watu wako mashambani, wananyeshewa na wanacheka, wanaitana kutoka shamba hadi shamba. Mzee mmoja alikuwa amevua kofia kabisa, amesimama tu. Nikamwamkia bila kupunguza mwendo. Tulipofika Ama alikuwa palepale kizingitini, upande mmoja wa gauni umelowa maana siku hizi hawezi kuinuka peke yake. Nilimwinua, nikamwomba samahani. Akasema, "Nipe chai kwanza. Samahani haina sukari."

Nikachukua begi la mtoto nitoe madaftari niyakaushe karibu na moto.

Madaftari hayakuwemo.

Kulikuwa na sweta langu la zamani. Kiberiti, amekifunga kwenye nailoni mafundo mawili. Kipande cha ugali kilichokauka kama jiwe. Na chini kabisa dawa ya kuchua ya mguu wa Ama, ile chupa ambayo tumeitafuta nyumba nzima tukadhani panya wameivuta.

Nikamuuliza madaftari yako wapi. "Chini ya kitanda, mama. Yale hayawezi kutusaidia."

Na dawa ya Ama je?

"Wewe huwa unamsahau Ama."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia umesahau chumvi. Ana miaka tisa. Mimi nilidhani namwokoa, kumbe namfundisha. Mtoto wa mwenzangu anajifunza kuzidisha, wangu anajifunza kufunga kiberiti kisilowe. Mimi mwenyewe ndiye mwalimu.

Nilikaa chini sakafuni. Sikuweza kufanya mengine. Nikamwambia neno ambalo sijawahi kumwambia, maana siku zote namwambia mama haogopi, twende tu haraka. Nikamwambia, "Fabi, mimi naogopa. Siyo mvua hii. Naogopa ile."

Akasema, "Najua." Halafu akakaa karibu yangu, tukachambua maharage pamoja, bati likiwa linalia juu. Maharage mabovu nikawa nayaweka kwenye mazima, yeye akawa anayahamisha polepole. Sikukimbia. Siwezi kujisifu, maana alikuwa ameniegemea, ningekimbiaje?

Nilipomwomba turudishe kila kitu mahali pake, alikataa. Alitoa dawa tu, akampelekea Ama. Vingine akavirudisha kimoja kimoja, akafunga, akalitundika kwenye msumari karibu na mlango.

"Nitavitoa ukiacha kukimbia," akasema.

Baba yake amerudi jioni hii amepakaa tope hadi magotini, uso unang'aa, wamepanda shamba lote la chini. Nimemwomba tumsubirishe shangazi. Ameuliza, nisubiri nini? Kisha mwenyewe akasema, tuione kesho. Mvua ikinyesha kesho na mtoto akimaliza vipindi vyote hadi kengele ya mwisho, atampigia dada yake simu asije. Nikienda shuleni, basi Jumamosi ni Jumamosi.

Na kesho itanyesha. Kila mtu anasema itanyesha.

Nimempa Ama viatu vyangu vyote avifiche, pamoja na kile kimoja nilichorudi nacho. Ameviweka chini ya kiti chake, akacheka mpaka akakohoa. "Utakwenda pekupeku. Nakujua." Halafu akasema kesho nimkandie mguu saa nne, na akauliza kama nina kazi nyingine muda huo. Nimesema sina.

Sijui kama nitaweza. Naandika ukweli, sijui. Mkono ulioshika mlango umekufa ganzi na bado sijauachia.

Fabiola amelala mapema, madaftari ameyatoa chini ya kitanda, yako mezani. Begi liko kwenye msumari, limejaa. Kesho asubuhi atalazimika kuchagua abebe madaftari au begi, na kabla ya kuchagua ataniangalia usoni.

Nitamwonyesha uso gani?