Chuma Kilichokuja na Mashine

Izigo, Muleba

Mdogo wangu Klaudia,

Waitu, mwenzangu, habari za huko Nyanga? Shemeji kifua kimemwacha? Sisi wazima, migomba imezaa, ila magoti yangu ni yale yale. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unanikatiza. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Unaikumbuka mashine ya kukanda magoti aliyoniletea mjukuu wangu Kaijage kutoka Kanada, ile iliyolipuka. Jumuiya nzima inajua nilichosema: kwamba aliiharibu Rwekaza, mchumba wa binti yako Joanitha, fundi asiyejua kitu. Nawe ukaniamini, ukamwambia asikanyage tena kwako.

Sasa kaa chini. Juzi Kaijage kapiga simu, kaniuliza kama lile boksi la chuma linapata moto nikiitumia mashine. Nikamuuliza boksi gani. Akasema umeme wa Kanada si huu wetu. Klaudia, eti wa kwao ni mia na ishirini, wetu mia mbili na thelathini, na boksi ndilo linaupunguza. Mimi miaka yote najua umeme ni umeme, kama maji. Tena anasema kuna nchi matundu ya ukutani ni ya duara, kwingine bapa. Watu wazima na akili zao wameshindwa kukubaliana tundu!

Hicho chuma nilikiona. Nilidhani ni uzito tu wa kuzuia mzigo usiyumbe kwenye ndege. Mpaka leo kimekandamiza majani juu ya shimo la kuivishia ndizi za rubisi, pombe yetu.

Baya zaidi hili hapa. Kabla mashine haijalipuka nilimwita Rwekaza aniunganishie, naye alisoma maandishi nyuma yake, akaniuliza kama ilikuja na transfoma. Nikamfokea kwamba hakuna, asinitafutie visingizio. Akanikataza kabisa kuichomeka mpaka atafute moja Bukoba mjini. Alipoondoka tu nikanunua adapta dukani. Ikaingia ukutani vizuri, na plagi ikaingia kwenye adapta vizuri. Nikasema, mbona vimekubaliana? Nikawasha. Ikalia pwaa! Moshi, kuku mbio. Niliona aibu, nikamtupia fundi.

Kalamu siijui, na anayeniandikia haya ni Rwekaza mwenyewe. Nilimwita, akaja amenuna. Barua ilipofika kwenye habari ya chuma aliacha kuandika, akanitazama weee. Nikamwambia andika, usipunguze.

Mwite nyumbani kwako, Klaudia. Jumapili baada ya misa nitasimama mbele ya jumuiya nikiri, kwa sauti ile ile niliyomsemea. Kama una hasira, njoo unimalizie mimi, usimwadhibu Joanitha kwa uongo wangu.

Msalimie shemeji. Joanitha mwambie namwomba radhi, nami siombi radhi ovyo, anajua. Rwekaza ananisihi tufute pale nilipomwita fundi asiyejua kitu. Nimekataa. Pabaki, uone nilichomfanyia.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kokuhirwa
(nimeweka kidole gumba)