Kidole cha Papa Wilondja

Baraka, Jumanne. Mvua ilianza alfajiri na barabara ya Lweba imekuwa tope tupu. Ni sababu nzuri ya kutokwenda, nami nimeitumia.

Wanafunzi wameshaondoka, nimebaki darasani peke yangu. Nina aibu. Bora niiseme hivyo kabla sijaanza kuipamba.

Kule Lweba kuna mzee anaitwa Papa Wilondja. Kila asubuhi hushuka ufukweni kusoma maji yamefika namba gani kwenye nguzo ya chuma ambayo watafiti waliisimika ziwani zamani. Watafiti waliondoka, mradi ukafungwa, yeye hakuacha. Walimwachia ile nguzo, sola, na kompyuta moja nzito ya kijivu, yenye kioo kinene kama televisheni ya zamani na mfumo wa Unix wa enzi hizo. Hiyo si mashine ya kugusagusa picha. Unaiandikia amri, nayo inakujibu. Papa alijifunza amri saba tu, na kwa hizo saba ameingiza kipimo cha ziwa kila siku, miaka na miaka.

Tangu ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za ufukweni, namba zake zimekuwa jambo la watu wote. Familia zilizohama zinataka kujua maji yaliwahi kufika wapi miaka ya nyuma, na yalikaa muda gani kabla ya kurudi, ili ziamue kujenga palepale au kuhamia juu moja kwa moja. Wanakutana Ijumaa hii. Papa aliahidi kuwaletea namba zote kwenye karatasi.

Tatizo ni kwamba mashine ile haina printa, na mfumo wake hautambui flash. Ndipo akaniita mimi, Madame wa informatique, yaani mwalimu wa kompyuta. Lweba nzima inaamini hakuna mashine inayonishinda, na mimi nimewaacha waamini. Wakiniita injinia siwasahihishi. Mwenzangu wa Uvira alinipa diski za mfumo mpya zaidi wa mashine ileile, unaotambua flash, na Jumamosi nikapanda pikipiki kwenda kuubadilisha.

Kila kitabu kinasema: kabla ya kubadilisha mfumo, weka kazi yako mahali pengine. Ningeweza kuketi na Papa tukanakili zile namba kwa mkono, siku mbili au tatu. Niliona hiyo ni kazi ya watu wasiojua kompyuta.

Mashine ilinipa njia mbili: kupandisha mfumo na kuacha kila kitu mahali pake, au kuanza upya. Njia ya kwanza ilikataa kwa sababu nafasi haikutosha. Nikachukua ya pili. Ndani ya mashine mna diski mbili za kuhifadhia; mfumo ulikuwa kwenye ya kwanza, na nilijiambia kwamba kazi ya Papa iko kwenye ile nyingine. Amri moja ingetosha kunionyesha. Sikuiandika.

Likatokea swali la mwisho, kwa Kiingereza: vyote vilivyomo kwenye diski ya kwanza vitafutwa, tuendelee? Papa alikuwa ameketi karibu nami, amevaa suruali yake ya Jumapili. Akauliza inasema nini.

“Inauliza kama tuendelee,” nikamjibu. “Bonyeza we mwenyewe, Papa. Mashini ni yako.”

Nilimtafsiria nusu. Kumwachia abonyeze ilikuwa heshima; kwetu kitu kipya hakifunguliwi na mdogo wakati mkubwa yupo. Mke wake, Mama Riziki, akaitwa kutoka jikoni aje aone. Papa akapangusa kidole kwenye shati, akabonyeza.

Tukapiga makofi.

Baada ya saa tatu mfumo mpya uliwaka vizuri kabisa. Flash ikatambuliwa. Folda ya Papa haikuwepo. Ile diski nyingine niliikuta tupu, haijawahi kutumiwa. Nilijaribu kila ninachokijua hadi jioni, lakini mfumo mpya ulikuwa umeandikwa juu ya kazi yake.

Nikauliza madaftari aliyokuwa akiandikia vipimo kabla ya kuviingiza kwenye mashine. Mama Riziki akaleta mawili tu. Mwaka jana ni mimi niliyewaambia kwamba madaftari hayana kazi tena, kila kitu kimo ndani ya mashine, na tangu hapo amekuwa akiyachana kufungia karanga anazouza barabarani. Hayo mawili ni yale ya mwisho.

Papa akasema, “Ni mukono yangu iliharibu. Unisamehe, Madame. Ulitoka Baraka bure.”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema mashine za zamani ziko hivyo, Papa, usiumie sana. Sikusema ni yeye, na sikusema si yeye. Mama Riziki akanifungia samaki wa kupeleka nyumbani. Nikawapokea kwa mikono miwili, na usiku tukawala.

Leo asubuhi Mama Riziki amenipigia simu. Hakulalamika. Alitaka kujua kama nina neno la kumtuliza mume wake.

“Leo ni siku ya tatu haendi ku ziwa,” akasema. “Anaambia bantu ni yeye alifuta namba yabo. Anasema mukono yake haiko ya kugusa ile kazi tena.”

Mtu huyu hakuacha kupima mradi ulipofungwa. Hakuacha hata maji yalipoingia nyumbani kwake. Ameacha kwa sababu mimi nilinyamaza.

Nilimwambia Mama Riziki nitakuja mvua ikikatika. Ilikatika saa sita. Sasa ni saa tisa na bado niko hapa naandika.

Na nimeandika vizuri, nadhani. Najua hata mtakavyonijibu hapo chini ya ukurasa wangu wa intaneti: pole Madame, una moyo wa ukweli. Nitajisikia nafuu, nitalala. Lakini Papa Wilondja hana simu ya intaneti. Nikiiweka hii leo, Baraka nzima itajua ni nani aliyefuta namba za ziwa, isipokuwa mtu mmoja anayedhani ni yeye.

Kwa hiyo siiweki. Nafunga darasa, natafuta pikipiki yenye dereva asiyeogopa tope. Nitamwambia lile swali lilisema nini, lote. Nitamwambia nililielewa. Na Ijumaa, kama atakubali nisimame karibu naye, mimi ndiye nitakayewaeleza watu. Akinifukuza, nitawaeleza hivyohivyo.

Ukiyaona maandishi haya hapa, ujue yeye ameyasikia kwanza, kutoka mdomoni mwangu.