Fungu la Mbaraka

Jumatatu, 3 Februari 1992
Tumemzika Mbaraka. Risasi ya gatini Kismayo, tukipakia abiria — alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Nimesugua damu botini kwa maji ya bahari, kisha nikala wali. Nikaongeza. Sikulia. Sijui nina nini.

Jumanne, 4 Februari
Mwanapili, mjane wake, alikwenda kwa Idarus mwenye boti kuuliza fungu la mumewe. Abiria wanaokimbia vita kuvukia Kenya wanalipa nauli mara tatu. Fungu letu mabaharia ni lile lile la kabla ya vita. Idarus akamjibu mbele yetu, kwa Kibajuni: "Mchu akifa, fungu lake hufa naye."

Nahodha Fumo aliinuka. Alishuka pwani akang'oa usukani. Tukaubeba — yeye, Husseini, na mimi wa mashine — tukaulaza msikitini. Hapa kisiwani Chula usukani ukilala msikitini hakuna anayeugusa, hata mwenye chombo, mpaka mabaharia wote waridhie. Basi. Tumegoma. Fungu liongezwe, na anayekufa kazini, watu wake walipwe fungu lake mwaka mzima.

Jumatano, 5 Februari
Idarus anazunguka nyumba kwa nyumba akitulaumu. Abiria wamelala mchangani. Bibi mmoja aliniuliza sisi ni watu wa namna gani. Nikapita.

Alhamisi, 6 Februari
Wenye bunduki wameshuka Koyama, kisiwa jirani! Wamebeba mashine za boti, nyavu, hata sufuria. Kesho huenda ikawa zamu yetu. Husseini anataka usukani urudishwe. Fumo hataki, anasema tukirudi hivi hivi Mbaraka amekufa bure. Nikaulizwa mimi. Nikasema, "Lolote tu." Naona haya kuliandika, lakini ndivyo nilivyosema. Mama yangu amefunga mzigo wake.

Ijumaa, 7 Februari
Baada ya swala Idarus amekubali. Yote, mbele ya imamu. Mwanapili kapewa fungu la kwanza papo hapo. Husseini alicheka kwa furaha, mimi nikatazama tu.

Kisha Idarus akafungua daftari: kila baharia ataje nani alipwe fungu lake akifa. Fumo akamtaja mkewe. Husseini, dada yake aliyeko Mombasa. Mimi sina mke wala ndugu. Nina mama tu, naye anasafiri na boti hili hili.

Nimeomba nifikiri kidogo. Usukani umeshafungwa, abiria wameingia, Fumo ananiita niwashe mashine. Mama ameketi karibu nayo. Idarus bado anangoja jina.