Radhi za Baba Usizozikumbuka

Mama yangu mpenzi,

Shajara yangu ya 1996 iko mbele yangu, ukurasa wa Jumanne aliyofariki Baba. Nimeandika: "Mama ametulia." Maneno hayo yananiaibisha.

Miaka ile nililisha panya weupe katika maabara na kuandika walichofanya. Panya aliwekwa kwenye kisanduku chenye upande wa mwanga na upande wa giza. Akikimbilia gizani, sakafu ilimpiga umeme kidogo. Kesho yake panya wa kawaida alisita mlangoni. Aliyekuwa amepewa dawa ya kuondoa wasiwasi kabla ya umeme aliingia tena, kama hajawahi kufika pale. Niliandika hayo kwa mkono wangu, kisha nikarudi nyumbani kwetu Kuze kula chakula chako kwa hamu.

Baba alipozidiwa ulitetemeka. Shangazi akaninong'oneza, "Mpe mamako kile kidonge alichoandikiwa na daktari. Wageni waja, na huyu akianza kulia hatutamuweza." Nilijua ni dawa ya jamii ile ile. Nikakupa.

Baba akakushika mkono. "Nimekuridhia, mke wangu, duniani na akhera." Ukaitikia vizuri. Wanawake wakasema, "Mashaallah, ana subira huyu." Subira gani? Nami nikaitikia kwa kichwa, nikijiona mwana mwema.

Siku ya tatu ya eda ukaniuliza, "Babako alinipa radhi?"

Nikakusomea shajara. Ulisikiliza hadi mwisho.

"Wewe umeandika, mwanangu. Mimi sikusikia."

Hata kidonge hukukikumbuka. Miezi minne na siku kumi ya eda uliuliza, nami nilisoma, na kila siku sauti yangu ilinichukiza zaidi. Shangazi akakuchoma mbele yangu: "Mke mzima wasahau neno kama hilo? Labda moyo wako haukulitaka." Ukainamisha kichwa. Mimi nikanyamaza, maana kumjibu kungenilazimu kusema nilichokupa na nilichokijua.

Ukaishi ukiamini moyo wako ndio mgumu. Haukuwa mgumu, Mama. Nilikuwa na miaka mizima ya kukwambia, na kila jioni niliahirisha humu shajarani, kwa mwandiko mzuri.

Siku yako ya mwisho ulinipa radhi zako bila mimi kuziomba, hujui wamsamehe nani. Nilikuwa na akili zangu timamu. Nakumbuka kila neno, na sina pa kuliweka.

Mungu akulaze panapo nuru.

Mwanao wa pekee