Upande Wako wa Kitanda, Ndani ya «Tutafika»

Mupendwa bibi yangu, Mama Mugisho,

Niko na miaka sabini na sita. Nimeishi kupita mabosi wanne, feza ya makuta na feza ya zaire, ndugu zangu wote wa tumbo moja, na daktari mumoja aliyeniambia niache pombe la sivyo nitakufa. Yeye ndiye alikufa. Na sasa nimeishi kupita weye, kitu ambacho sikukiomba kwa mutu, na hakuna mutu aliniuliza.

Ninaandika miye mwenyewe na bic, herufi moja kisha ingine. Masomo niliacha kwa mwaka wa tatu wa primeri, unajua, lakini mwandiko wangu ni mukubwa na unasomeka, si kama ule wa mutoto wetu Mugisho, aliyekuwa mutu wa bureau ya wazungu, unaotembea kama siafu. Ninakuandikia juu mutoto wako anakuja siku ya posho, jumamosi, na musumeno. Anataka kutoa kitanda yetu ndani ya gari, apate kubeba mizigo.

Tena kuna jambo lingine. Kwa kilio yako mutu mumoja alikuwa anakula chakula yangu na anasema kama ile gari ni wazungu walitutengenezea. Wazungu! Acha niseme vile ilikuwa, weye usikie, na watu wasikie.

Ile gari, jina yake «Tutafika», ilibeba unga ya mihogo kwa soko ya Kadutu miaka mingi, na dereva alikuwa miye. Nilishuka mulima ya Ngomo na mvua, nikapanda Ngomo na mvua, na haikulala hata siku moja kwa ubavu. Madereva wangapi wa Bukavu wanaweza kusema vile? Wengine hawawezi kusema kitu tena. Magoti yangu yalipokataa kazi, watoto walisema tuuze. Nikakataa. Kisha nikaona kando ya ziwa wazungu wawili na gari yao: ndani kitanda, ndani jiko, wao wamekaa wanakunywa kahawa na kuangalia maji. Ndiyo tu vile. Nilirudi nyumbani Cimpunda nikakuambia, hii ni kitu gani ya kunishinda?

Ulikuwa unachagua maharagi. Haukuinua hata kichwa. «Papa Mugisho, wikendi ni ya batu ba ONG, bale bazungu ba misaada. Siye tuko na misa, tuko na bilio, tuko na maharusi. Tutalala mu gari juu ya nini? Nyumba imeungua?»

«Misa iko kila pahali.»

«Na mugongo yako nayo iko kila pahali?»

Lakini ulishona pazia. Papa Deo, fundi wa soudure, wa kuunga chuma na moto, wa pale chini, alikata dirisha kwa mabati. Yeye alishika chuma, akili ilikuwa yangu. Nikatia mbao, nikatia godoro, babula, jiko ya makala, kwa kona, bidon ya maji, misumari ya kutundika sufuria. Harufu ya unga haikutoka. Hata leo jua ikipiga mabati, inanuka soko.

Kitanda ndiyo ilileta vita. Nilipanga kichwa iende mbele, juu ya sanduku ya vyombo, na miguu iende kwa milango ya nyuma. Ulisimama inje, mikono kwa kiuno.

«Miye siwezi kulala miguu kwa mulango.»

«Juu ya nini?»

«Mutu anatokaka nyumba miguu mbele mara moja tu.»

«Hii si nyumba, ni gari.»

«Iko na kitanda, iko na pazia, iko na sufuria. Ile ni nyumba. Geuza kitanda.»

Sikugeuza. Kitu Papa Deo ameshika na soudure haigeuke, na kitu miye nimepima haigeuke. Weye haukubishana. Ulichukua muto yako, ukaiweka kwa mulango, ukalala ukinipa miguu. Ikabaki vile kila wikendi: miye kichwa mbele, weye kichwa nyuma, na miguu yako kando ya sikio yangu, baridi kama samaki wa ziwa.

Unakumbuka siku tulitoka mara ya kwanza? Pazia ulishona na kitambaa nyeupe iliyobaki kwa nguo za chorale, waimbaji wa misa, ukatia na ribani ya zambarau, kusema ipendeze. Tukafika Nyawera, msongamano. Nikaona wamotari, wale wa pikipiki, wanatoa kofia. Mama mumoja wa ndizi akafanya alama ya musalaba. Motari mumoja akasogea kwa dirisha yangu, sauti ya chini kabisa: «Pole, muzee. Unabeba nani?»

«Bibi yangu!» nilimujibu, na hasira, juu sikuelewa.

Hapo ukatoa kichwa kwa pazia. «Niko muzima! Ni miye huyu! Pisheni tupite, tunaenda wikendi!» Yule kijana aliangusha kofia kwa matope. Ulicheka mupaka Kavumu. Nilikuambia utoe ile ribani. Haukuitoa. Na watu wanasema miye ndiye kichwa ngumu.

Tena Katana. Tulisimama kwa shamba karibu na maji, tukawasha babula, na mara watoto wa kijiji wakatuzunguka, kisha wazazi wao, kisha katekista na mkewe, wamebeba bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa sahani yenye kifuniko. Katekista akanivuta pembeni. «Papa, pole sana. Batoto benyewe ndiyo bamewafukuza kwa nyumba?»

Nilitaka kumuonyesha miye ni nani. Miye, mwenye nyumba ya mabati mupya! Lakini weye ulitangulia, na uso ya huzuni ambayo sikujua uko nayo. «Ndiyo, tata. Mukubwa wao ndiye alisema tutoke.» Na ukapokea sahani. Mugisho hajui mupaka leo kama Katana nzima ilimuombea toba. Sikusema na weye mupaka jioni. Sambaza nilikula, juu ilikuwa tamu.

Asubuhi nilikuwa ninaamka na kukuta macho yako wazi. Haukutingizika. Ile milango ya nyuma haikufungana vizuri, iliacha ufa (hiyo ni Papa Deo, si miye), na kila mara nilisema nitaiziba, weye ulisema, «Acha.»

«Unaangalia nini?»

«Hakuna.»

«Basi lala.»

«Ninalala na macho.»

Kisha barabara zikaharibika, si juu ya mvua, juu ya watu wa bunduki, unajua. Wikendi zikaisha. «Tutafika» ikasimama kwa parseli, kiwanja yetu, sura kwa ukuta, nyuma kwa bonde. Tansio yako, presha ya damu, ikapanda. Mchana ulikuwa unatoka kwa nyumba polepole, unashika ukuta, unapanda ndani ya gari kulala. Nilikuambia tunaenda wapi, hakuna mafuta. Ukasema, «Tuende tu bila kuenda.» Na nilikuwa ninapanda na miye, ninalala upande wangu, miguu yako kwa sikio yangu, na hatukuenda.

Ulikufa asubuhi, ukiisha kunywa chai. Kikombe ilikuwa bado ya moto.

Watoto walitafuta gari ya kubeba maiti, ya kweli, yenye maua. Madereva wote walikataa njia ya Kabare, kwetu, pa kukuzika. Nikasema, dereva iko hapa. Mugisho alilia, akasema Papa, macho yako. Macho yangu! Tukajaza mafuta ya kuombaomba, na wanaume wakakuingiza ndani, sanduku juu ya kitanda, upande wako, miguu kwa mulango.

Nikasema, mugeuze.

«Papa, ni desturi. Maiti anatoka miguu mbele.»

«Desturi ililala naye? Miye nililala naye. Mugeuze, kichwa kwa mulango, vile anapenda.»

Walinung'unika, lakini waligeuza. Mama Nabintu wa chorale alikaa karibu yako na akaanza wimbo ili wanyamaze. Kwa Nyawera wamotari walitoa kofia, na safari hii walikuwa na haki. Kwa baryeri, pale wanafunga barabara, kijana mwenye bunduki akaja kwa dirisha yangu. Hakuwa mubaya. Akauliza, «Muzee, unabeba nani?»

Nikasema, «Bibi yangu.»

Na nilingoja. Mama Mugisho, mupumbavu kama miye, niliangalia kwa kioo, nilingoja utoe kichwa kwa pazia.

Tulikulaza kwetu Kabare, kwa ndizi, kando ya mama yangu. Kurudi niliendesha miye vilevile.

Sasa bureau ya Mugisho imefungwa, wazungu wake wamekwenda, na watoto wake wanakula kila siku, hata siku ambazo baba yao hana kazi. Anataka kubeba unga kama nilivyobeba. Sisemi amekosa. Ninasema kitanda haitoke.

Niliacha bic pale. Leo ni siku ya Mungu, nimetoka misa, ninamaliza.

Mugisho alikuja jana. Alinikuta ndani, nimelala upande wangu, kichwa kwa sanduku ya vyombo.

«Papa, toka.»

«Sitoki.»

«Papa, tafazali.»

«Kata na miye ndani.»

Alikaa juu ya babula, musumeno kwa magoti. Alinuka jasho, si manukato ya bureau. Akasema, «Na miye pia, yeye alikuwa mama yangu.» Kisha akapima na macho, vile ningepima miye, akasema tunaweza kukata nusu. Gunia zilale kwa upande moja, kitanda mudogo ibaki kwa upande ingine. «Tukate upande gani, Papa?»

Nikasema, «Yangu.»

Alikata. Papa Deo alikuja kutoa soudure yake, akilalamika kama ilishika sana. Sanduku ya vyombo ikaenda na upande wangu. Ikabaki tu nafasi yako, na muto yako kwa mulango. Walipoondoka nilipanda. Magoti yalilia. Hakukuwa pa kuweka kichwa mbele tena, basi nikalala vile ulilala, kichwa nyuma, uso kwa ule ufa.

Nikaona ziwa. Kipande kidogo, katikati ya mabati ya Kadutu, pana kama kitambaa ya mukono. Na upepo unaingia pale, baridi, hauna harufu ya unga. Kumbe miaka yote ulikuwa na ziwa yako mwenyewe, hata hapa kwa parseli, hata bila mafuta, na miye karibu niizibe.

Sisemi ulikuwa na haki. Kitanda ilipimwa vizuri. Ninasema tu upepo iko upande wako, na ulinyamaza nayo.

Kesho Mugisho anapakia gunia zake za kwanza. Nimemwambia pazia zibaki, na ribani. Ufa hakuna mutu atagusa. Lala basi, Mama Mugisho. Lala na macho. Nafasi yangu imekatwa, ninalala kwa yako, miguu yangu haina sikio ya kugusa.

Ni miye, bwana yako,
Papa Mugisho, dereva wa «Tutafika»

Mutu akibisha mambo ya gari, aulize Papa Deo, fundi wa soudure, Cimpunda. Mambo ya kukugeuza, aulize Mama Nabintu wa chorale, alikuwa kando yako. Mambo ya Katana, katekista bado iko kule, lakini yeye atasema watoto walitufukuza, mumuache. Na mambo ya ufa na ziwa, shahidi alikuwa mumoja, na ndiye ninamuandikia.