Zipu Kwenye Ovaroli ya Maji

Jumamosi, Juni. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni mpaka bwawa likawa halionekani kutoka jikoni. Baridi ya Tarime mwezi huu haina utani. Sasa ni jioni, mwili umechoka, moyo umetulia, na mikono inanuka samaki ingawa nimeisugua kwa limau.

Leo tumevuna.

Dada mmoja anayesoma ninayoandika hapa aliwahi kuniuliza kama zile ovaroli za kuvulia samaki zenye zipu, za kitambaa kinachopitisha hewa, zinafaa kununua au ni mbwembwe tu. Nimekuwa nikimkwepa, kwa sababu jibu langu lina aibu ndani yake. Leo naweza kuliandika.

Ovaroli yangu ya kwanza ilikuwa ya mpira mtupu. Inapanda mpaka kifuani, mabuti yameunganishwa humohumo, mikanda miwili mabegani. Maji hayaingii, hilo ni kweli. Lakini jasho nalo halitoki. Ukivuta wavu kidogo tu, ndani umeshaloa chapachapa. Kabla sijazaa sikujali.

Kisha akaja Bhoke, binti yangu, ambaye hataki chupa, hataki kijiko, anamtaka mama yake na anamtaka sasa hivi. Mavuno ya kwanza baada ya kujifungua, mama mkwe alishuka naye bondeni akilia. Nikatoka majini mbio. Ile ya mpira huwezi kuifungua kidogo. Unashusha mikanda, unaichuna mwilini mpaka kiunoni, na blauzi iliyogandana na jasho inakwenda nayo. Nilikuwa nimeshabaki nusu uchi ndipo nikakumbuka kwamba ng'ambo ya bwawa, kwenye kigoda chake, amekaa baba mkwe.

Asiye wa huku anaweza asielewe. Kwetu, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hatupeani mkono. Namwamkia shikamoo nikiwa mbali, naye anaitikia akiangalia pembeni. Likitokea la kutokea, mkubwa ndiye anayeondoka. Mzee aliinuka, akageuka, akapanda mlima na fimbo yake. Shamba ni lake, bwawa alilichimba yeye na wanawe, na mimi nimemfukuza. Bhoke naye, baada ya yote hayo, alionja mara moja, akakunja uso, akaachia titi. Jasho lilikuwa limejaa chumvi.

Siku ile nililia, sitaficha.

Tangu hapo mzee akaacha kuja bwawani. Halafu likaja neno kupitia kwa mume wangu, Chacha, anayechomelea vyuma kule Matongo: bwawa apewe Marwa, shemeji yangu, mpaka mtoto aache kunyonya. Neno lile halikuwa na hasira. Mzee alitaka kuniepusha na aibu nyingine, mimi na yeye pia. Lakini bwawa ndilo linalonifanya niamke na hamu. Nikitazama maji tu najua kama samaki wameshiba. Marwa ni mtu mzuri, ila anaogopa kambare, na mtu anayeogopa kambare atawarushia chakula kutoka barabarani. Nikaomba niachiwe nivune mara moja zaidi, wakakubali.

Ovaroli hii ya zipu niliikuta Sirari, mpakani, kwenye mitumba, imening'inizwa kati ya makoti ya mvua. Kitambaa chepesi cha kijani, soksi zake zimeungana nayo, na zipu nene kutoka kifuani mpaka chini ya kitovu.

"Hii kitu ni ya kuvua samaki, mathe," muuzaji akaniambia. "Kitambaa inapumua, na maji haiingii hata."

Bei ilikuwa ya kuuma. Nikampigia Chacha, akacheka. "Zipu ya nini kwenye maji?"

Nikamwambia ni ya Bhoke. Akaacha kucheka, akasema, "Nunua."

Sasa ukweli wake. Inapumua, ila isichukuliwe kama feni. Mgongo unalowa kidogo, kifua kinabaki kikavu. Baridi ya maji unaisikia zaidi kuliko kwenye mpira, kwa hiyo ndani nilivaa traksuti ya Chacha. Mabuti unatafuta mwenyewe. Miiba ni adui yake mkubwa. Zipu nayo ni ya kudekezwa: tope unalitoa kwa mswaki, kisha unaipaka mshumaa.

Leo nilipofika bwawani nilikuta mzee amekuja. Sijui mama mkwe alimwambia nini. Amekaa ng'ambo, fimbo magotini. Tukiwa katikati ya kuvuta, Bhoke akaanza kulia. Nikamwachia Marwa kamba, nikatoka, nikampa mzee mgongo, nikajitupia kanga begani, nikashusha zipu. Bhoke akashika kwa pupa na hakukunja uso hata kidogo.

"Nyonya mama, nyonya," mama mkwe alimbembeleza, "tuna kazi hapa." Kisha akaninong'oneza, "Hajainuka."

Sikuthubutu kugeuka. Lakini nikamsikia.

"Marwa! Shika wavu chini! Samaki wote wanapita, wewe unaangalia nini?"

Nilicheka mpaka Bhoke akatikisika kifuani.

Kwa haraka ya kurudi kazini sikupandisha zipu mpaka juu kabisa. Nikainama kukamata wavu, maji ya baridi yakaingia ndani mpaka tumboni, nikapiga yowe. Hata mzee akaanza kukohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Kwa hiyo dada yangu, zipu haivuji, anayevuja ni mwenye haraka. Kama hunyonyeshi, ya mpira itakutosha, tena ni imara zaidi. Kama unanyonyesha na una wakwe, nunua hii, hata kama itabidi ujibane.

Baada ya kuuza samaki wa leo kule Nyamisangura, nilirudi nikamkuta mama mkwe ananisubiri na ujumbe. Mzee anasema pale chini, kando ya mkondo wa maji, pana nafasi ya bwawa la pili, na kiangazi hiki wanawe watachimba.

"Amesema mama Bhoke achague mwenyewe maji yaingilie wapi," mama akamalizia.

Nilijifanya naosha ndoo ili asinione uso. Nimefurahi jamani, nimefurahi sana. Kesho tukitoka kanisani nashuka bondeni na vigingi vya kuwekea alama.