Kisiwa cha Jikoni na Mkeka wa Mama Mkwe

Shangazi Revai mpendwa, niokoe kabla sijawa kichekesho cha Gutu nzima,

Mimi na mume wangu Garikai tulikuwa tunafanya kazi Harare, na mwaka juzi tukajenga nyumba kubwa hapa kijijini, kwenye boma la mama yake, na jiko nililichora mwenyewe, kwa sababu tangu usichana nilitamani jiko lenye kile wanachokiita kisiwa, yaani kaunta pana inayosimama peke yake katikati, nami nikakipanga kwa makini mno, sinki upande wa dirisha, jiko la umeme upande wa pili, droo za sufuria chini, jiwe jeusi juu, nikapima na nafasi ya mlango wa friji kufunguka na ya mtu kupita na sinia bila kumgonga mwenzake, na kwa kuwa lile jiko la zamani la mviringo, kibanda cha nje cha mama mkwe, lilikuwa linaziba dirisha langu, nikaagiza libomolewe pamoja na chikuva, ile rafu ya udongo ambapo mama mkwe alikuwa akipanga vyungu vyake na kuzungumza na wazee wake waliotangulia, na matofali yake mafundi wakayajengea tumbo la kisiwa.

Mama mkwe hakupinga, aliuliza tu, "Kisiwa? Na maji yake yako wapi, mwanangu?" tukacheka.

Sasa ana saratani, hospitali wamemrudisha nyumbani, na juzi akaomba apelekwe jikoni, tukadhani anataka uji, kumbe ameagiza na mkeka wake, akautandika kati ya kisiwa na makabati, akalala chali, akanyoosha miguu, akasema, "Mimi naenea. Wa kunililia watakaa wapi?"

Shangazi, unajua kwetu maiti hulala jikoni kabla ya kuzikwa, wanawake wamemzunguka chini, na mimi niliyepima kila kitu hilo sikulipima. Wifi yangu Spiwe ananicheka machoni: "Mai Kundai, si utamlaza juu ya hilo jiwe, kama kuku wa Krismasi?" Garikai anasema alazwe sebuleni, siku hizi wengi hufanya hivyo, lakini mama anajibu, "Sebuleni ni kwa wageni. Nitakuwa mgeni kwangu?" na tangu siku hiyo hagusi chakula kilichopikwa katika jiko langu.

Nikuambie lililo baya zaidi. Namshawishi Garikai amrudishe hospitali, nasema ni kwa sababu ya maumivu, na ukweli ni kwamba nataka afie huko, jeneza lije moja kwa moja kaburini, jiko langu lisiguswe. Najichukia, na bado nikipitisha kitambaa juu ya lile jiwe, roho inakataa kuvunja. Nifanyeje?

Mai Kundai, Gutu

Mai Kundai,

Pole. Kuuguza si kazi ndogo, na kupenda jiko zuri si dhambi. Pole zangu zimeishia hapo.

Friji ulilipimia nafasi ya kufungua mlango, mwanamke aliyekuzalia mume hukumpimia ya kunyoosha miguu! Na usiniambie hakupinga. Wewe umeolewa kwetu leo? Mama wa heshima hamwambii mke wa mwanawe "hapana", humuuliza swali. Alikuuliza maji yako wapi, nawe ukacheka. Huyo Garikai naye mwambie aache kujificha nyuma ya "siku hizi". Mama ni wake.

Maumivu yakizidi, mpelekeni akapate dawa, mrudi naye. Lakini kumpeleka ili afie mbali na jiwe lako, usithubutu. Utapika hapo miaka mingi, na kila ukiinama kwenye droo utamkuta amelala.

Kisiwa kivunjwe wiki hii. Kwanza muite fundi bomba na fundi umeme, maana waya na mabomba yamepita chini ya sakafu, msije mkaongeza msiba juu ya msiba. Jiwe litolewe zima, liwekwe ukutani chini ya dirisha lako, nyanya zitakatika vilevile. Matofali ya tumboni usiyatupe, ni yake. Yajengewe chikuva upya ukutani, ipakwe udongo, na vyungu uvirudishe kwa mikono yako mwenyewe. Baadaye ukikitamani tena kisiwa, chongesha cha mbao chenye magurudumu, kinachojua kupisha watu.

Wengi huvunja mzee akishakufa, kwa kuwaogopa waombolezaji. Wewe vunja angali hai. Usimhamishe kwa sababu ya kelele, mkalishe mlangoni asikie kila nyundo. Vumbi likitulia, msongee sadza, ugali wetu, humo humo, umpelekee kwa magoti. Akila, mshukuru Mungu. Asipokula, baki hapo hapo chini.

Shangazi Revai